Kofia ya Mpira na Vumbi la Diff

Mwenye motokaa aghalabu huisikiliza injini yake kama mama amsikilizavyo mtoto mchanga. Injini ikikohoa, husimama. Maji yakipungua, huongeza. Oili ikiwa nyeusi, huimwaga na kutia mpya. Lakini chini ya motokaa hiyo hiyo, karibu na magurudumu ya mbele, viko viungo vidogo vya chuma, vingine havizidi ngumi ya mtoto, ambavyo mwenyewe hajapata kuvitazama tangu siku aliyoinunua. Viungo hivyo ndivyo vinavyolishika gurudumu na kulifanya litii usukani. Injini ikifa njiani, motokaa husimama. Kiungo kikifa njiani, motokaa huendelea kwenda, ila haiendi tena mahali anapotaka dereva.

Jambo hili lina uzito wake kila mahali penye magari, lakini uzito huo huongezeka sana mahali kama Diff. Diff ni mji mdogo ulio kusini mwa Kaunti ya Wajir, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Kwenda Wajir mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 100, na kwenda Garissa ni zaidi ya kilomita 200, kwa njia za udongo na mchanga. Wenyeji wake wengi ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, na vitu wasivyovipata katika mifugo huwajia kwa lori: unga, mchele, sukari, dawa, vitabu vya shule na mabati. Lori hilo hilo likirudi hubeba mbuzi wa kuuzwa sokoni, wanafunzi wanaorejea shuleni, wazee wenye shughuli katika ofisi za serikali, na mara nyingine mgonjwa aliyelazwa juu ya godoro. Katika nchi ya namna hii motokaa si kitu cha kujionyesha. Ni daraja, na daraja hilo linategemea viungo ambavyo wengi wa wanaolivuka hawavijui hata kwa majina.

Mafundi wa gereji huviita kwa majina waliyoyapokea pamoja na spea. Kile kilicho mwisho wa fimbo ya usukani huitwa tairodi endi. Kile kinachobeba shingo ya gurudumu katika motokaa nyingi ndogo huitwa boljointi. Kiko na cha tatu, ambacho tufe lake limetobolewa katikati ili bolti ipite, nacho hutumiwa zaidi katika magari ya mashindano na katika mitambo. Hicho huitwa rodi endi. Vyote vitatu ni ndugu wa tumbo moja. Ndani ya kila kimoja mna tufe la chuma gumu lililong'arishwa, nalo limekaa ndani ya kikombe kinacholikumbatia ili liweze kugeuka huku na huku bila kuchomoka. Kazi yake ni kazi ya nyonga ya mtu: kubeba mzigo, na wakati huo huo kuuacha mguu uzunguke. Muumba aliipa nyonga ute unaolainisha, na kuizungushia ngozi ngumu ili ute huo usitoke. Mtengeneza magari naye alifuata njia hiyo hiyo. Badala ya ute alitia grisi, na badala ya ngozi akakivisha kiungo kofia ya mpira.

Wengi hudhani kwamba grisi ni kitu kimoja tu, mafuta mazito ya kupaka. Kwa kweli grisi ni oili iliyoshikwa ndani ya sabuni maalum, kama sifongo lishikavyo maji. Chuma kinapobanwa, oili hutoka kidogo kidogo na kulainisha. Grisi za zamani zilizotengenezwa kwa sabuni ya chokaa zilivumilia maji vizuri, lakini ziliharibika kwa joto lisilofika hata lile la maji yanayochemka. Tangu miaka ya 1940 zimekuwako grisi za sabuni ya lithiamu, ambazo hazianzi kutiririka mpaka joto likaribie digrii 180 au kupita hapo. Kwa hiyo jua la Wajir, pamoja na ukali wake, halitoshi kuiyeyusha grisi njema iliyo ndani ya kiungo. Adui mkubwa hayuko juu mbinguni. Yuko chini barabarani.

Lakini kabla ya kumtaja adui huyo yapasa kuelewa udhaifu wa kiungo chenyewe. Beringi ya gurudumu huzunguka mfululizo, na kwa kuzunguka huko huivuta grisi mpya kila mara ikaingia kati ya chuma na chuma. Tufe la tairodi halizunguki hivyo. Hutikisika kidogo tu, kushoto na kulia, juu na chini, mahali pale pale pamoja. Grisi iliyo mahali panapobanwa sana husukumwa kando, kama udongo mbichi unavyotoka chini ya unyayo, na mara nyingi hairudi. Ndiyo maana wataalamu walitafuta dawa za kuongeza ndani ya grisi, mojawapo ikiwa ni unga mweusi wa molibdenamu, ambao hulala juu ya chuma kwa matabaka membamba yanayoteleza moja juu ya jingine kama kurasa za kitabu. Unga huo hubaki hata oili ikikimbia. Lakini hakuna dawa yoyote iliyotengenezwa ambayo huweza kulainisha mchanga.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Vumbi la nchi kavu si uchafu mtupu wa kupanguswa kwa kitambaa. Ndani yake mna chembe ndogo sana za mawe, na nyingi za chembe hizo ni ngumu kiasi cha kukwaruza chuma. Chembe kubwa haziwezi kupenya, na chembe ndogo mno hupita bila kugusa. Zile zinazolingana na nafasi iliyo kati ya tufe na kikombe ndizo zinazoleta hasara, maana hukwama katikati na kulima pande zote mbili. Zikichanganyika na grisi hazinyamazi, hupata makao. Grisi huzishika, huzibeba na kuzipeleka mahali pa kazi, na kile kilichokuwa kilainishi huwa dawa ya kusugulia, sawasawa na ile anayoitumia fundi anapozisugua valvu ili zikae barabara.

Mfugaji wa Diff hana haja ya kufundishwa habari hii, kwa kuwa ameisoma katika uso wa ngamia. Ngamia ana safu mbili za kope ndefu, na pua anazoweza kuzifunga upepo wa mchanga unapovuma. Mnyama huyo hakupewa maji mengi zaidi ya kuoshea macho yake. Alipewa kinga ya kuzuia mchanga usiingie. Kofia ya mpira juu ya kiungo cha gari ni kope za ngamia. Ikiwa nzima, grisi ile ndogo iliyotiwa kiwandani huweza kudumu miaka. Ikipasuka upana wa ukucha tu, kiungo kile kimekwisha kuhukumiwa, hata kama siku ya hukumu bado.

Pamoja na vumbi uko mtikisiko. Kila dereva wa njia za kaskazini ayajua yale mawimbi madogo yanayojipanga barabarani kama bati la paa. Ikiwa wimbi moja liko sentimita 75 kutoka jingine, gurudumu hupigwa mara 1,333 katika kilomita moja, na katika kilomita 100 hupigwa zaidi ya mara 130,000. Kila pigo hupita katika kiungo kabla ya kufika kwenye springi na shokabzoba. Fundi wa chuma akipiga nyundo mara 130,000 juu ya kitu kimoja, hapana atakayeshangaa kitu hicho kikibadilika umbo. Lakini dereva huyashangaa magurudumu yake yanapoanza kuyumba.

Dereva mmoja aliyezoea njia hiyo alikuwa na sifa ya usafi na bidii. Kila Ijumaa, kabla ya kuoga na kwenda msikitini, alilala chini ya lori lake akiwa na bomba la grisi, akaijaza kila chuchu mpaka grisi ikafurika nje. Wenzake walimsifu, naye alistahili sifa, maana wengi wao hawakufanya hata hivyo. Utingo wake, kijana aliyekuwa akijifunza kazi, ndiye aliyeona kwanza kwamba kofia ya tairodi ya upande wa kushoto imechanika.

"Adeer," alimwambia, "mpira huu umepasuka. Ndani naona mchanga."

"Tia grisi, warya," dereva alimjibu. "Grisi itausukuma mchanga nje."

Kijana akatia grisi. Wiki iliyofuata akatia tena, na wiki ya tatu pia. Kila mara grisi mpya ilitoka mahali pa ule mpasuko, ikabaki nje ikiwa laini na yenye kunata, nayo ikalipokea vumbi la safari iliyofuata. Kiungo kikicheza, vumbi lile lilirudi ndani. Hivyo bidii ya Ijumaa ikawa inaulisha ugonjwa. Usukani ulianza kuwa mlegevu. Ukigeuzwa kidogo gurudumu halikuitika. Dereva aliuzoea ulegevu huo kama mtu anavyozoea jino bovu, akajifunza kugeuza zaidi. Tairi la kushoto lilianza kulika upande mmoja. Alilihamishia nyuma, akaweka jingine mbele.

Mchana mmoja lori liliondoka Diff kwenda Wajir likiwa na mbuzi, na juu ya mizigo wameketi watu kadha. Mbele, karibu na dereva, aliketi mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa, aliyekuwa akipelekwa hospitali. Baada ya saa kadha za safari walifika penye mchanga mzito, na dereva akapunguza mwendo. Hapo ndipo tufe lilipochomoka katika kikombe chake. Gurudumu la kulia lilibaki likitazama mbele. La kushoto likageuka kutazama porini. Lori lilijikokota hatua chache na kulala upande kwenye ukingo wa mchanga, lakini halikupinduka. Laiti jambo hilo lingetokea nusu saa kabla, mahali palipo pagumu ambapo lori lilikuwa likikimbia, habari ingekuwa nyingine, na isingekuwa ya kuandikwa kwa maneno machache.

Hakuna aliyeumia. Lakini mtoto alikuwa na homa, spea haikuwako, na simu hazikupata mtandao. Utingo alitembea kurudi walikotoka kutafuta msaada. Wale waliobaki waliwasha moto, wakampa mama maji ya dumu la mwisho ampanguse mtoto, wakakesha. Mzee mmoja aliyekuwa juu ya mizigo alimwuliza dereva kwa upole kilichovunjika kina ukubwa gani. Dereva alimwonyesha kwa kukunja ngumi. Mzee akaitazama ile ngumi, kisha akamtazama mtoto, wala hakusema neno. Karibu na alfajiri ikaja pikapu iliyokuwa ikielekea Wajir, ikawachukua mama na mtoto. Mtoto akafika, akatibiwa, akapona. Dereva alibaki na lori lake siku mbili.

Katika siku hizo mbili alifanya jambo lililo bora kuliko majuto. Kiungo kipya kilipoletwa na kufungwa, hakukitupa kile cha zamani. Alikichukua mpaka mjini, akakifunga kwenye jiriwa ya fundi, akakikata kwa msumeno wa chuma kikawa vipande viwili. Madereva wenzake walikusanyika kutazama. Tufe, ambalo lilipaswa kuwa duara kama mwezi mpevu, lilikuwa limelika upande mmoja mpaka limekuwa kama yai. Kikombe kilikuwa kimepanuka. Na katikati hapakuwa na grisi ile ya kahawia aliyoitia kila wiki. Palikuwa na tope la kijivu, lenye kumetameta kidogo kwa unga wa chuma. Mmoja wao alilichukua tope lile kati ya vidole viwili na kuvisugua, nalo likalia kama mchanga baina ya meno.

Kisa hicho kina mafunzo zaidi ya moja. La kwanza ni kwamba grisi haiponyi kofia iliyopasuka. Kofia ikichanika leo, na ikaonekana leo, kiungo huweza bado kuokolewa: hufunguliwa, husafishwa grisi yote ya zamani, hutiwa mpya, na kuvikwa kofia nyingine, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya kiungo. Lakini ikiwa kimekwisha kutembea na vumbi ndani yake kwa majuma, tufe limekwisha kukwaruzwa, na kofia mpya itakuwa kanzu safi juu ya kidonda. Hapo dawa ni kubadilisha kiungo chote.

La pili, hata kutia grisi kuna adabu yake. Chuchu ya grisi hukusanya vumbi kichwani mwake. Asiyeipangusa kwa kitambaa safi kabla ya kuchomeka bomba, huisukuma punje ya mchanga ndani kwa mkono wake mwenyewe na kwa nguvu zote. Na asiyejua kuacha, huijaza kofia mpaka ikapasuka, akawa amelivunja boma alilokusudia kulilinda. Kipimo ni kutia polepole mpaka kofia ianze kuvimba kidogo, au mpaka grisi ya zamani ichungulie mahali ilipoachiwa njia ya kutokea. Kisha ile iliyotoka nje ipanguswe yote, maana grisi iliyo nje haimlainishii mtu chochote, na huita vumbi kama asali iitavyo nzi.

La tatu, si kila mafuta ni chakula cha kila kiungo. Wako madereva wanaomwaga oili chafu ya injini juu ya springi, bushi za mpira na viungo, wakiamini kwamba wanazuia kelele. Kelele hunyamaza kwa siku mbili. Lakini oili hiyo huufanya mpira wa kawaida uvimbe, ulegee na kuoza, na ile isiyonywewa na mpira hushika vumbi. Hali kadhalika si vyema kuchanganya grisi za sabuni mbalimbali, kwa kuwa ziko ambazo zikikutana huharibiana, zikawa nyepesi na kutiririka. Mwenye gari aijue grisi aliyoianza, na akitaka kuibadilisha aisukume ya zamani itoke yote.

Viko pia viungo ambavyo havitaki grisi kabisa, na hapo bidii ya mtu mwema huweza kumponza. Rodi endi nyingi za siku hizi zimewekewa ndani kitambaa chembamba chenye utelezi wa asili, kilichotengenezwa kwa ile Teflon iliyogunduliwa Marekani mwaka 1938, ambayo wengi huijua katika sufuria zisizogandisha chakula. Kitambaa hicho hujilainisha chenyewe. Ukikitia grisi hukisaidii kwa lolote, bali hukusanya vumbi ambalo bila ya grisi lingeanguka. Yasimuliwa kwamba rodi endi zilianza kujulikana sana wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipozichunguza ndege za Kijerumani zilizoangushwa, wakaona viungo hivyo katika mitambo ya kuziongoza. Baada ya vita vilishuka kutoka angani vikaingia katika magari ya mashindano, kwa kuwa havina mpira wa kulegea ndani yake na gurudumu huitika mara moja.

Afrika ya Mashariki imevijua viungo hivyo kwa njia ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kupita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu hukumbuka majina ya madereva, kama Joginder Singh aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano. Wachache hukumbuka mafundi waliolala chini ya magari vituoni, wakishika kila kiungo na kukitikisa kabla gari halijaondoka tena. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, vumbi laini kama unga lilizisumbua timu zenye mali nyingi za Ulaya na Asia. Timu hizo hubadilisha kiungo kabla hakijachakaa, kwa kuwa zina kingine sandukuni. Dereva wa Diff hana sanduku hilo. Kwa hiyo jicho lake lazima liwe kali kuliko la fundi wa mashindano.

Kulinoa jicho hilo hakuhitaji mashine wala elimu ya chuo. Watu wawili, jeki moja na mwanga wa asubuhi hutosha. Gari lisimamishwe mahali palipo sawa, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe. Kwanza, kabla ya kuinua, mmoja aketi na kuugeuza usukani kidogo kushoto na kulia, huku mwenzake ameweka kiganja juu ya kila tairodi endi. Kiungo kizima husogea pamoja na fimbo yake. Kilichochakaa hugonga kiganjani, na mkono huhisi kabla sikio halijasikia. Kisha gurudumu liinuliwe kwa jeki, na chasisi au ekseli iegemezwe juu ya kitu imara, maana mtu asiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Lishikwe kushoto na kulia na kutikiswa: likicheza, hutazamwa viungo vya usukani. Lishikwe juu na chini na kutikiswa: likicheza, hutazamwa boljointi na beringi ya gurudumu. Mwishoni kila kofia ya mpira izungushiwe kidole kutoka juu mpaka chini, kwa sababu mpasuko aghalabu hujificha upande usioonekana. Kazi yote haipiti nusu saa.

Ziko dalili nyingine ambazo gari huzisema lenyewe njiani. Usukani unaohitaji kugeuzwa sana kabla gurudumu halijaitika. Gari linalotangatanga katika njia iliyonyoka. Tairi la mbele linalolika upande mmoja. Mlio wa kugonga unaosikika kila linapoingia shimoni. Dalili moja peke yake huweza kuwa na sababu nyingine. Zikiwa mbili, hapana budi kusimama na kutazama. Msemo wa kuzibadilisha tairi mahali ili ulaji ulingane ni mzuri, lakini mwenye kuihamisha tairi iliyolika bila kuuliza imelika kwa nini, amemfukuza shahidi badala ya kumsikiliza.

Katika kununua spea nako kuna mtego. Kiungo cha bei ya chini sana, chenye tufe lisilokazwa vizuri kwa moto na kofia ya mpira mwembamba, huweza kumaliza uzima wake katika msimu mmoja. Mtu anayekaa mbali na duka yafaa ahesabu bei pamoja na safari ya kukifuata kingine, na pamoja na siku ambazo gari litalala. Ikiwa kiungo cha upande mmoja kimekwisha, cha upande wa pili kimetembea njia ile ile. Ni busara kuvitazama vyote viwili, na mara nyingi kuvibadilisha pamoja. Nati yake ikazwe, na pini ya kuizuia isifunguke iwe mpya, wala si kipande cha waya kilichookotwa. Halafu magurudumu yapimwe upya yalivyoelekea, la sivyo tairi mpya zitalika bure.

Mvua nayo ina hesabu yake. Katika masika na vuli njia za huko hugeuka kuwa tope, na mwezi wa Oktoba na Novemba 2023 mafuriko yalizikata barabara nyingi za kaskazini mashariki. Maji yakiingia penye mpasuko huiosha grisi na kuacha kutu, na kutu ni vumbi lililozaliwa ndani ya nyumba. Baada ya kuvuka mto wa msimu au kukwama topeni siku nzima, viungo vyenye chuchu vistahili grisi mpya ili maji yatoke, na visivyo na chuchu vistahili kutazamwa kofia zake.

Wako watakaosema kwamba taabu hii yote itakwisha lami ikifika. Ni kweli kwamba lami hupunguza vumbi na mapigo, na mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kugharimia mradi ambao ndani yake mna ujenzi wa sehemu za barabara kuu ya Isiolo, Wajir mpaka Mandera. Lakini Diff iko kando ya barabara hiyo, na hata barabara kuu ikikamilika, gari litakalowafikia wafugaji na zahanati zao litalazimika kuiacha lami na kuingia mchangani. Mwenye kungoja lami ndipo aitazame kofia ya mpira, angoja kisima kichimbwe ndipo amtafutie maji mgonjwa aliye mbele yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kiungo cha gari hauonekani kwa aliyesimama, wala kwa abiria aliyelipa nauli na kupanda juu ya mizigo. Abiria huyo hawezi kulala chini ya lori na kutikisa gurudumu kabla ya kumkabidhi dereva roho yake na ya mtoto wake. Anaamini kwamba kazi hiyo imefanywa. Basi kila mwenye gari, na kila karani aliyekabidhiwa gari la serikali au la chama, na aitenge nusu saa katika wiki, apige magoti mchangani, na apitishe kidole chake juu ya kila kofia ya mpira. Akiona ni nzima, amshukuru Mungu na aende zake. Akiona imepasuka, asilinyanyue bomba la grisi, anyanyue spana.